Ofisi ya kuombea vyuo Mwanjelwa: meza ya vyuo vya ndani nyota nne, meza ya Marekani nyota moja

Wadau wa Mbeya, na nyie wa Rungwe, Mbozi, Chunya mpaka Makambako huko mnaokuja mjini kuwaombea watoto vyuo, haya ni maoni yangu kuhusu ile ofisi ya ghorofani Mwanjelwa inayojaza maombi ya vyuo, jina silitaji maana nusu ya maelezo yangu siyo mazuri kwao na mimi kesi sitaki. Ofisi ni moja ila meza ni mbili na kila meza ina mtu wake, sasa mkisikia mmoja anaisifia na mwingine anaitukana msishangae, inategemea ulikaa wapi.

Nilienda kwa ajili ya binti wa dada yangu, kamaliza foma siksi mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia), matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yanatoka Julai yeye yuko JKT Mafinga anapigishwa kwata na simu hana. Wazazi wengi ndo hali yetu hiyo, mtoto yuko kambini kwa mujibu wa sheria, dirisha la udahili linafunguliwa, mjomba au mama mdogo ndo anatafuta steshenari na namba ya mtihani kaiandika nyuma ya risiti ya luku. Na baridi la Julai la huku mnalijua, pale kwenye ngazi watu wamejikunja na makoti wanasubiri mlango ufunguliwe.

Sasa meza ya vyuo vya ndani. Anakaa dada mmoja anachapa bila kuangalia kibodi, na huyu dada ndo sababu ya nyota nne. Wanachaji elfu kumi na tano kwa kujaza vyuo vitatu, hela ya chuo chenyewe ya kuomba unalipa mwenyewe kwa kontroli namba kwenye simu yako, hawashiki hela ya chuo, na hilo nimelipenda sana kwasababu kuna vibanda vinakwambia lete yote nitalipia halafu kesho akaunti inasoma haijalipiwa na mwenye kibanda kaenda msibani.

Kitu cha kwanza alichoniuliza siyo matokeo, ni namba ya simu. Nikampa yangu akakataa, akasema hii laini ni ya nani, huyu binti akitoka kambini ataishika? Akaeleza kwamba siku hizi kila chuo unakiomba chenyewe kwenye mfumo wake, siyo kama zamani mpaka 2016 ulipokuwa unaomba sehemu moja, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanakupangia, kwahiyo mtoto anaweza kuchaguliwa vyuo viwili au vitatu kwa mpigo na hapo TCU wanataka athibitishe anaenda kipi, na namba ya siri ya kuthibitishia inakuja kwa meseji kwenye simu iliyojazwa kwenye fomu. Sasa jaza namba ya mwenye steshenari uone, ukirudi September kafunga kibanda yuko shamba Usangu na laini kaibadilisha, nafasi ya mtoto inaelea na siku za kuthibitisha hazikusubiri. Tukaenda hadi kununua laini mpya, nikaisajili, nikaiweka kwenye kisimu cha tochi, mpaka leo naona ule ndo ushauri wa maana kuliko yote niliyopewa mwaka huu.

Ukutani ana karatasi la manila kaandika kwa marker pen: A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Unaweza kuliona ni kitu kidogo lakini nimekaa pale nimeona lilivyookoa watu. Kuna mzee kutoka upande wa Tukuyu, kavaa koti la mvua na mabuti ya mpira, kaingia anajisifu mjukuu wake kapata division one ya point saba, kwenye fomu akaona kumi na moja akawaka, anasema mnamwongezea mtoto point ili afeli! Dada wala hakubisha. Akamwonyesha manila, akamwambia baba shikamoo, hebu tuhesabu pamoja, huyu kapata B B C, kwenye division ya NECTA B ni mbili na C ni tatu ndo unapata saba, huko ndogo ndo nzuri. Kwa TCU wamegeuza, B ni nne na C ni tatu, nne na nne na tatu kumi na moja, huku kubwa ndo nzuri. Mzee akahesabu kwa vidole mara mbili, akacheka, akasema ndaga, yani asante. Halafu ukiwa na C C C kote inakuja tisa, hiyo ndo inawachanganya watu zaidi maana wanadhani hesabu ni ileile.

Yuleyule mzee ndo aliuliza swali ambalo nadhani nusu ya tuliokuwa kwenye benchi tulikuwa nalo moyoni. Kwamba sisi wa hapahapa Mbeya, MUST, chuo cha sayansi na teknolojia, si kipo Iyunga pale, na kile cha udaktari cha UDSM kiko hapahapa mjini, mtoto wa nyumbani hapewi kipaumbele? Dada akamjibu moja kwa moja: "Hapana baba, hivi ni vyuo vya nchi nzima, hawaangalii ametokea Iyunga au Bukoba, wanaangalia ufaulu na nafasi zilizopo." Mzee hakufurahi, ila bora akaambiwa ukweli kuliko kuuziwa mchongo wa mtu anayemjua mtu. Mimi binafsi sioni ubaya wa utaratibu huu wa kwetu, wa Mkwawa pale Iringa na wa Dodoma wote tunapigania mlango mmoja, ila hili swali la mtoto wa nyumbani mlishike kwa muda maana kwenye meza ya pili ndo linarudi na mapembe.

Kingine kilichonifurahisha ni daftari lake. Ana counter book kubwa, waliopitia kwake wakipata chuo wanarudi kumwambia, anaandika mchepuo, alama na kozi aliyochaguliwa, jina haandiki. Siyo takwimu rasmi, mwenyewe anasema hivyo, lakini inasaidia kuliko kile kitabu cha mwongozo cha TCU peke yake. Kitabu kinakupa sifa za chini tu, mfano kozi nyingi ukiwa na principal pass mbili (yani alama kuanzia A mpaka E) zenye jumla ya point 4 unaruhusiwa kuomba. Wazazi wanasoma "anaruhusiwa kuomba" wanaelewa "atapata", halafu orodha ikitoka bila jina la mtoto wanasema wameonewa. Nafasi za kozi zinahesabika, wanapanga walioomba kuanzia juu kushuka, nafasi zikiisha zimeisha hata kama wewe ulikuwa na sifa. Binti wetu ana B C C, ya NECTA nane, ya TCU kumi, kwa sisi nyumbani hiyo ni sherehe na kuku kachinjwa, lakini udaktari wa MUHAS, chuo cha Muhimbili, unapigania na watoto wa A A B nchi nzima. Dada akasema weka udaktari, usimvunje moyo mtoto, ila chaguo zinazofuata usiziweke kwa hasira. Tukaweka uuguzi, tukaweka maabara, tukachanganya UDOM ya Dodoma na hicho cha UDSM cha hapa.

Na kwenye mkopo pia wako vizuri. Kabla hajafungua hata mfumo wa Bodi ya Mikopo alitaka cheti cha kuzaliwa, akakiweka karibu na cheti cha foma foo, akapitisha kalamu herufi kwa herufi. Jina la babu lilikuwa limekosewa herufi moja. Kutuambia hivyo mapema tuliipata nafasi ya kwenda kurekebisha na kuhakiki RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, kabla foleni haijawa ndefu, vinginevyo tungekuja kukwama mwishoni kama wengi wanavyokwama.

Nyota ya tano nimeikata kwasababu ya foleni, hawana namba wala utaratibu, anayejuana na mlinzi anaingia kwanza, na printa yao wanachaji mia tano karatasi moja wakati chini tu hapo ni mia mbili. Choo pia kinafungwa na funguo inashikwa na mtu ambaye hayupo.

Sasa meza ya pili, shika pumzi.

Hii iko upande wa dirisha lenye mwanga, kuna kaka kavaa suti na tai, nyuma yake bango la jengo la matofali mekundu na wanafunzi wanacheka kwenye majani. Ukimaliza kwa dada, unaitwa kwa kaka hata kama hujauliza. Kwangu alianza hivi: mama, binti ana PCB nzuri, kwanini ahangaike na foleni ya Dodoma wakati Marekani kuna vyuo vya serikali? Akasema chuo cha serikali ni chuo cha serikali, kama UDSM, ada yake inabebwa na serikali, ndo maana nafuu. Akanitolea kipeperushi kimeandikwa University of North Carolina ya Chapel Hill, ada kwa mwaka dola elfu saba na kitu. Kwa hela yetu siyo ndogo hata kidogo, ila kwa kuisikia Marekani unaona mbona inawezekana, ukoo ukichanga, ukauza na kiwanja cha Uyole. Na ofisi inataka laki tatu ya kuanzia, hairudishwi.

Sikutoa hela. Nina binamu yangu anaishi Durham, North Carolina hukohuko, nesi, ana mtoto wake aliyemlelea kule na ameomba chuo hichohicho. Nikampigia picha kipeperushi nikamtumia WhatsApp, akanirudishia voice note ndefu anacheka mpaka anakohoa, halafu akaacha kucheka akanieleza.

Ile ada ya elfu saba ipo kweli, lakini ni ya wakazi wa jimbo. Marekani vyuo vya serikali siyo vya serikali ya nchi kama huku kwetu, ni vya jimbo, wananchi wa jimbo ndo wanalipa kodi inayovilisha, kwahiyo mtoto wa jimbo analipa kidogo na wa nje analipa yote. Kwa Chapel Hill wa nje ya jimbo anaanzia zaidi ya dola elfu 40 kwa mwaka, hapo hajala wala hajalala. Na "nje" siyo sisi wa Mbeya tu, hata Mmarekani wa jimbo la jirani ni wa nje, analipa hivyohivyo. Ile ya mzee wa Tukuyu ya mtoto wa nyumbani, basi kule ndo sheria yenyewe.

Na ada ni nusu ya habari. Nafasi zenyewe zina ukuta. North Carolina tangu miaka ya 1980 waliweka kwamba wa nje wasizidi asilimia 18 ya wanaoingia mwaka wa kwanza pale Chapel Hill, asilimia 82 ni wa jimbo. Kwenye hiyo 18 unakuta watoto wa majimbo mengine 49 na dunia nzima, sisi tukiwa humohumo. California nao 2017 waliweka kikomo cha asilimia 18 kwa vyuo vyao vingi, na vile vikubwa kama Berkeley na Los Angeles vilivyokuwa vimeshapita hapo wakaambiwa msizidishe, baadaye serikali ya jimbo ikaweka hela ili vishushe wa nje viongeze watoto wa California. Texas wana sheria ya 1997, mwanafunzi aliyeshika kumi bora kwa mia kwenye shule yake ya sekondari anaingia chuo cha serikali cha jimbo moja kwa moja, hata kama shule ni ya kijijini, ila kile cha Austin watu walijaa mno mpaka wakaruhusiwa kubana ikawa sita kwa mia na kwa wanaoingia 2026 ni tano kwa mia. Yani wewe ni mtoto wa Texas, umezaliwa Texas, umekuwa wa saba kati ya mia darasani, na bado Austin huna uhakika! Wapo wazazi wanaomhamisha mtoto shule kali wanampeleka shule laini ili tu ashike namba za juu. Nikasema kumbe haya mambo hayana kwao.

Binamu anasema kwake mtoto alikuwa na alama nzuri, vilabu, kujitolea hospitali, insha kaandika na kufuta, na ni mkazi kabisa na karatasi zote, na bado walikuwa wanafungua ile barua pepe mikono inatetemeka. Los Angeles, UCLA, mwaka 2023 waliomba mwaka wa kwanza zaidi ya laki moja na elfu arobaini, wakachukua chini ya mmoja kwa kumi. Hicho ni chuo cha serikali hicho. Halafu kaka wa suti anasema huko hakuna foleni kama ya Dodoma.

Nilirudi pale siku nyingine kuchukua fomu ya mkopo nikamuuliza kaka kwa upole tu, hii ada ni ya mkazi au ya mgeni? Akasema akifika anakuwa mkazi. Nikamwambia ndugu yangu yuko kule, kaniambia ukazi wa ada wengi wanataka mwaka mzima umekaa na nia ya kubaki, California wanasema zaidi ya mwaka, siku 366, na mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida hahesabiwi mkazi hata akae miaka minne kwasababu viza yenyewe inasema utarudi kwenu. Akasema hayo ni mambo ya ndani ya mfumo wao, mama usiwe na wasiwasi, sisi tuna konekshen. Konekshen! Nikamuuliza kama wakala wao anatambuliwa na TCU na kama wanasaidia kupata ile barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, NOC, ambayo mtoto anayeenda kusoma nje anaitafuta, akaanza kutafuta kalamu mezani na kalamu ilikuwa mfukoni.

Nisiwe mbaya kupitiliza, kusoma Marekani kupo na watoto wa Kitanzania wapo wanasoma. Binamu ananiambia kama binti ana kichwa cha hatari na hela hakuna, vyuo vya serikali vya jimbo ndo sehemu mbaya kuliko zote kuanzia, bora vile vya binafsi vyenye hela kama Harvard, Yale na MIT ambavyo vinapima mtoto bila kuangalia mfuko wa mzazi hata akiwa wa nje ya nchi, na akichukuliwa wanajazia kinachopungua. Kuingia huko ni vita nyingine kabisa, wanachukua wachache mno, ila angalau bei wanayokutajia haijavaa kinyago. Na ushauri wa kuomba Marekani unapatikana bure, ubalozi wao Dar es Salaam una EducationUSA, unawaandikia wanakujibu, laki tatu unabaki nayo.

Kinachoniudhi na hii ofisi ni kwamba bosi wao ni mmoja. Meza ya kwanza inawaambia watu ukweli hata kama unauma, wanajenga jina, watu wanatoka Ileje kwa basi la alfajiri wanakuja kwa sababu ya yule dada, halafu imani hiyohiyo inatembezwa hatua tano mpaka meza ya dirishani inauzwa laki tatu. Nilimwona mama mmoja, nadhani wa Igurusi, muuza mchele, kashikilia kile kipeperushi anamuuliza kaka kama wanapokea kwa awamu. Nilimvuta pembeni tukashuka naye ngazi, nikampigia binamu kwa video akamweleza mwenyewe. Kaka wa suti sasa hivi akiniona anageuza kiti.

Binti wetu majibu yalikuja kwenye kisimu cha tochi, udaktari hakupata, kachaguliwa viwili, akathibitisha uuguzi UDOM, mkopo kapata asilimia isiyotosha ila siyo haba. Alilia siku mbili za udaktari halafu akaanza kuulizia hosteli.

Kwahiyo kama unaenda: fika kabla ya saa mbili, peleka cheti cha kuzaliwa, namba za mtihani za foma foo na foma siksi, laini ya simu ya mtoto mwenyewe na hela ya kontroli namba iwe tayari kwenye simu. Printi chini, siyo juu. Ukiitwa meza ya dirishani sema unawahi gari. Na dada akihama ofisi, tetesi zipo kwamba anataka kufungua yake maeneo ya Kabwe, nitawaambia, nitamfuata hukohuko.